Bomba likipangwa kupita kijijini kwenu: namna ya kuandaa jalada la ardhi kabla mthamini hajafika

Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Kabaale wilayani Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,147 ziko Tanzania, katika mikoa minane kuanzia Kagera. Mkuza wake, yaani ukanda wa ardhi unaotwaliwa kwa ajili ya bomba, una upana wa mita 30. Ndani ya mita hizo mna migomba, visima, makaburi na nyumba za watu, na kitu ambacho hakikuandikwa siku ya uthamini ni kazi ngumu mno kukiingiza kwenye jedwali la fidia baadaye.

Mwongozo huu ni wa kamati za vijiji vya Tanzania, ingawa Kenya nayo imetufundisha mengi na tutaitaja. Unafaa kwa bomba, kwa njia kubwa ya umeme, hata kwa mitambo ya upepo. Wanaopinga mradi na wanaotaka tu walipwe wanachostahili wanahitaji jalada lile lile, kwa hiyo msisubiri mkubaliane kwanza kuhusu mradi ndipo mwanze kuliandaa.

Hatua ya 1: Kamati ipitie Mkutano Mkuu wa Kijiji

Kamati iliyojiundia chini ya mwembe haina nguvu mbele ya Afisa Ardhi. Ombeni ajenda kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kisheria hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu na wajumbe wake ni wanakijiji wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Chagueni watu 7 hadi 9. Kila kitongoji kinachoguswa kiwe na mtu wake, wanawake wasipungue nusu, na awepo mmoja anayeandika haraka na kwa mwandiko unaosomeka. Mtendaji wa kijiji aandike uchaguzi huo kwenye muhtasari na kuugonga muhuri, nanyi mbaki na nakala.

Kuna sababu nyingine ya kutumia mkutano huu. Kikao cha kijiji ni chombo cha kisheria. Mkusanyiko au maandamano ya hadhara yanadai taarifa kwa polisi saa 48 kabla, na watu wakikusanyika bila hiyo, hoja ya ardhi inageuka kesi ya jinai siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Ulizeni ardhi inachukuliwa kwa sheria ipi

Andikeni barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa wenye mradi. Ulizeni mambo manne: sheria inayotumika, ramani ya mkuza yenye majira ya nukta (namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani), ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, na tarehe ya ukomo, yaani siku ambayo baada yake kitu kipya hakitahesabiwa.

Swali la sheria lina uzito. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema ardhi ya kijiji ikihamishwa kuwa ardhi ya jumla (isiyo tena chini ya kijiji), na eneo likiwa hekta 250 au pungufu, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri ndiye mwenye uamuzi. Kwa mkuza wa mita 30, hekta 250 ni zaidi ya kilomita 83, na ni nadra kijiji kuwa na urefu huo, kwa hiyo kwa njia hii uamuzi ni wa mkutano wenu. Lakini serikali ikitumia Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, njia ni nyingine na nafasi ya kijiji ni finyu zaidi. Mkijua mapema mko kwenye njia ipi, hamtapoteza miezi mkitetea haki iliyo kwenye sheria isiyotumika.

Kwa nyaraka zilizo serikalini, taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Barua iwe ya nakala mbili: moja inabaki ofisini, nyingine mnarudi nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri huo ihesabuni kama haikupelekwa.

Hatua ya 3: Pimeni wenyewe, na mjihadhari na majira ya ramani

Simu yoyote yenye GPS inatosha. Mahali peupe hukosea kwa mita 3 hadi 5; chini ya mikorosho iliyofungana hukosea zaidi. Tembeeni mpaka mzima na mwenye shamba pamoja na majirani wa pande zote. Kwenye kila kona simameni dakika moja au mbili hadi namba zitulie, ndipo mziandike kwenye daftari: jina la mwenye shamba, namba ya kona, majira, na alama iliyopo (jiwe, mnyaa, mkatani).

Kosa kubwa kuliko yote linatokea hapa. Simu inasoma kwa mfumo wa WGS84, ilhali ramani nyingi za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Nukta ile ile ikisomwa kwa mfumo mmoja na kuchorwa kwenye mwingine husogea karibu mita 300, hasa upande wa kaskazini na kusini. Mkuza ni mita 30. Kwa hiyo mtu anaweza kuambiwa hayumo na kumbe bomba linapita sebuleni, au kijiji kikapigania shamba lisiloguswa. Kila mkipewa majira, ulizeni ni ya mfumo gani na kanda ipi ya UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda zenye namba. Kutoka longitudo 30 hadi 36 mashariki ni kanda ya 36, na kutoka 36 hadi 42 ni kanda ya 37. Mstari wa EACOP unavuka longitudo hiyo ya 36 njiani kuelekea Tanga, kwa hiyo wa Tabora na wa Handeni hawatumii kanda moja.

Eneo linalochukuliwa mnaweza kulikadiria kwa kamba. Shamba lenye upana wa mita 70, mkuza ukilipita moja kwa moja, hupoteza 70 × 30, yaani mita za mraba 2,100, kama ekari 0.52. Mkuza ukikata kwa mshazari wa nyuzi 45, urefu wa mkato unafika mita 99 na eneo linakuwa mita za mraba 2,970, kama ekari 0.73. Wengi hupiga hesabu ya kwanza na kusahau ya pili. Pimeni pia kinachobaki. Kipande cha pembetatu kilichoachwa upande wa pili wa mkuza, kisichopitika kwa plau wala kutosha jembe la mkono, kiandikwe kwa jina lake na kiombewe fidia pamoja na kilichochukuliwa.

Hatua ya 4: Orodha ya mali, shamba kwa shamba

Miti na mazao ya kudumu hesabuni kwa shina, kwa aina na kwa hatua ya ukuaji, kwa sababu viwango vya fidia hutofautisha mche na mti unaozaa. "Mikorosho mingi" haina maana kwenye jedwali. "Mikorosho 14 inayozaa, 6 ya miaka miwili" ina maana. Nyumba: urefu kwa upana, ukuta wa nini, paa la nini, sakafu ya nini, idadi ya vyumba. Msisahau choo, banda la kuku, kichanja, kisima, uzio na jiko la nje.

Picha zipigwe mbili mbili: moja ya karibu, nyingine inayoonyesha kitu kisichohama, kama kilima au shule. Msizihifadhi kwa kutumiana WhatsApp kama picha za kawaida. WhatsApp huzipunguza ubora na kufuta taarifa za tarehe na mahali zilizofichwa ndani ya faili. Zitumeni kama waraka, kisha wekeni nakala kwenye memori kadi inayokaa nyumba nyingine.

Makaburi yanahitaji zamu yake, mkitembea na wazee. Kaburi lisilo na jiwe halionekani kwa mtu wa nje, na mthamini hataliuliza. Liwekeeni kigingi na mliandike kabla ya siku yake. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 inataka taarifa itolewe kwanza na inazungumzia gharama za kuhamisha na kuzika upya, lakini itamsaidia tu mwenye kaburi lililoorodheshwa.

Hatua ya 5: Mirathi na majina

Hapa ndipo fidia hukwama miaka. Shamba lingali kwa jina la marehemu, ndugu watano wapo, na malipo hayatoki. Anzeni sasa: kikao cha ukoo chenye muhtasari na sahihi, cheti cha kifo, kisha maombi ya usimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo kwa Fomu Na. 1. Akishateuliwa, msimamizi ana miezi minne ya kuwasilisha mahakamani hesabu ya mali na mgawanyo.

Jina kwenye fomu ya uthamini lilingane herufi kwa herufi na kitambulisho na akaunti ya benki. Kwa wanandoa, dai liandikwe majina yote mawili na akaunti iwe ya pamoja. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza nyumba ya familia kuuzwa au kutolewa bila ridhaa ya mwenzi, na kamati isione haya kuisoma kwa sauti mkutanoni.

Hatua ya 6: Karatasi ya mahudhurio

Kila mkutano wa mradi huja na karatasi ya kusaini. Sahihi za mahudhurio zikishabandikwa nyuma ya ripoti, husomwa kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa. Kabla mtu wa kwanza hajasaini, andikeni juu ya kila ukurasa kwa kalamu: "Mkutano wa utambulisho. Ripoti ya mazingira haijaletwa. Hakuna makubaliano." Pigeni picha kila ukurasa.

Lamu walishinda kwa hoja hii. Leseni ya mazingira ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ilitolewa Septemba 2016. Save Lamu, kikundi cha wananchi wa huko, na wenzao walikata rufaa Novemba mwaka huo huo, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira la Kenya likaifuta. Sababu kubwa ilikuwa ushirikishwaji: mikutano ya mwanzo, kabla watu hawajaiona ripoti kamili, haikuweza kuhesabiwa kuwa mashauriano juu ya ripoti hiyo.

Hatua ya 7: Siku ya mthamini

Mwenye mali awepo, na mjumbe mmoja wa kamati asimame naye akiwa na orodha ya Hatua ya 4. Hesabuni pamoja kwa sauti. Asisaini fomu yenye nafasi tupu au iliyojazwa kwa penseli. Akiona pungufu, aandike kando ya sahihi yake: "Nimesaini kwa kupinga idadi ya…" na ataje kitu. Apige picha fomu kabla haijaondoka. Hili la mwisho msilijadili, lifanyeni tu, kwa sababu nakala iliyoahidiwa "baadaye" mara nyingi haifiki.

Hatua ya 8: Hakikini hesabu

Fidia kwa kanuni za 2001 za kukadiria thamani ya ardhi si bei ya ardhi peke yake:

- Thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake.
- Posho ya usumbufu: thamani ya ardhi mara wastani wa riba ya amana za miezi 12 katika benki za biashara. Ardhi ya shilingi 8,000,000, tuseme riba ni asilimia 7, ni shilingi 560,000.
- Posho ya makazi: kodi ya soko ya mwezi mara 36. Nyumba ya kodi ya 30,000 ni 1,080,000.
- Posho ya usafiri: gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20.
- Upotevu wa faida kwa mwenye biashara: faida halisi ya mwezi mara 36, kwa hesabu zilizokaguliwa.

Hizo tatu za mwisho hazilipwi kwa ardhi isiyokaliwa siku ya uthamini. Mwenye duka asiye na daftari la mauzo huambulia patupu, kwa hiyo kamati iwahimize wafanyabiashara waanze kuandika leo.

Kisha angalieni tarehe. Kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, riba inaanza kuhesabiwa, na uthamini wenyewe ukifikisha miaka miwili bila kulipwa hupitwa na wakati na unapaswa kurudiwa. Kwenye mkuza wa EACOP wapo waliothaminiwa 2018 na kulipwa miaka kadhaa baadaye. Mtu aliyekatazwa kupanda mazao ya kudumu muda wote huo ana hasara halisi, na inadaiwa kwa maandishi yenye tarehe.

Hatua ya 9: Malalamiko na saa ya sheria

Kila lalamiko lipate namba kwenye daftari lenu: nani, nini, lilipelekwa wapi, lini, jibu nini. Msitegemee daftari la mradi.

Wakati mnangoja jibu, siku za kwenda mahakamani zinaendelea kuhesabika. Mwaka 2020 mashirika manne yalifungua kesi dhidi ya EACOP katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Novemba 2023 ikatupwa bila hoja za mazingira kufikiwa, kwa kuwa mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu, na mahakama iliona muda ulianza kuhesabiwa tangu makubaliano ya nchi mbili ya 2017. Mkipokea taarifa, leseni au jedwali lolote, muoneni mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria wiki hiyo hiyo, na swali la kwanza liwe: tuna siku ngapi?

Hatua ya 10: Mradi ukiwa wa upepo au jua, na mkitaka wa kwenu

Nishati safi nayo hula ardhi. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 na megawati 310, na Oktoba 2021 mahakama ya ardhi huko Meru ilitamka kuwa hati za ardhi yake zilipatikana bila kufuata utaratibu. Jalada lenu lifanye kazi vile vile kwa mradi wa aina hiyo.

Kijiji kinachodai mbadala kiende mezani na hesabu. Kaya 120 zinazotumia wastani wa kWh 0.3 kwa siku zinahitaji kWh 36. Kwa saa 5 za jua kamili na ufanisi wa asilimia 70, paneli ziwe kama kW 10.3. Asilimia 60 ya matumizi ikiwa usiku, ni karibu kWh 22, na betri za lithiamu zinazotumika hadi asilimia 80 ziwe na kWh 27. Mtambo wa chini ya megawati 1 hauhitaji leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), ila lazima usajiliwe. Mashine ya kusaga haimo kwenye hesabu hiyo, na msiiunganishe hivi hivi: mota ya kW 7.5 ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya kawaida yake na kuzima mtambo mzima. Ifungieni kifaa cha kuiwasha polepole na mpange isage mchana tu, kati ya saa nne na saa tisa, betri zisiguswe.