Kusaka toleo la kwanza la Gurnah lenye saini yake

Kitabu cha kwanza cha Abdulrazak Gurnah ni Memory of Departure, kilitoka 1987 kwa mchapishaji Jonathan Cape wa London, jalada gumu, na tangu mzaliwa huyu wa Zanzibar apewe Nobel ya fasihi Oktoba 2021 kinasakwa kweli kweli.

Anza na kitabu chenyewe, saini baadaye. Fungua ule ukurasa wa haki miliki wenye maandishi madogomadogo, unatafuta Jonathan Cape na 1987 na pasiwe na mstari wowote unaosema kimechapwa tena. Hapa ndo watu wanapigwa: matoleo mapya ya Bloomsbury, mchapishaji mwingine, nayo yanaweza kutaja 1987, maana yanaeleza kitabu kilianzia wapi, sasa muuzaji anapiga picha kamstari kamoja tu anakutumia, we ukiona 1987 unalipa fasta. Dai picha ya ukurasa mzima na ya mgongo wa kitabu.

Afu lile kava la karatasi linalovulika, likikosekana thamani inashuka vibaya hata kama ndani ni kisafi. Cheki pia kona ya ndani panapochapwa bei, kama imekatwa na mkasi we punguziwa. Chenye mihuri ya maktaba mimi sichukui.

Saini nayo iwe ya mkono, kwenye ukurasa wa jina la kitabu, sio stika iliyosainiwa ikabandikwa, stika hata kesho inahamishwa kitabu kingine. Wengi wanapenda saini tupu bila "kwa fulani", ila mimi nikikuta "kwa fulani" yenye tarehe ya 1987 naichukua hiyo, ilisainiwa kabla dunia haijamjua! Wauzaji wa Antiquarian Booksellers' Association, chama cha wauza vitabu adimu cha Uingereza, bei zao zimechangamka lakini unajua pa kurudi kama kuna shida.

Njia nafuu ni kununua kisicho na saini ukakipeleka mwenyewe kwenye tamasha la vitabu akiwepo, uliza waandaaji mapema kama wanaruhusu cha kutoka nyumbani. Beba peni ya kawaida, maka pen inavujia upande wa pili.

Ukiwa Dar au Unguja adui ni unyevu na jua, kivalishe plastiki ya kufunikia vitabu, kisimamishe kabatini mbali na ukuta, na kava likichanika usiguse selotepu, inaacha doa la njano halitoki tena.