Kufundisha asili ya ulimwengu kwa lastiki na vifungo

Kwa darasa la Senior One (kidato cha kwanza Uganda) lenye wanafunzi 60, nunua mita 6 za lastiki ya sketi yenye upana wa sentimita 1 hivi, pamoja na vifungo 60 vya shati. Kata vipande 10 vya sentimita 60, kila kundi la wanafunzi sita lipate kimoja. Acha sentimita 5 kila ncha za kushikia, kisha shona vifungo sita, A hadi F, kila baada ya sentimita 10. Vifungo ni galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota; lastiki ni nafasi iliyo kati yake. Usichore nukta kwa kalamu: lastiki ikivutwa, nukta nayo hutanuka, na mtoto ataondoka akiamini galaksi zenyewe zinavimba. Kinachotanuka ni nafasi iliyo kati yake.

Wanafunzi wavute lastiki kando ya rula ya mita hadi umbali wa A na F, uliokuwa sentimita 50, ufike 100. Waandike kila kifungo kimeachana na A kwa kiasi gani zaidi: B 10, C 20, F 50. Kilicho mbali ndicho kilichokimbia zaidi. Mwanaastronomia Edwin Hubble alionyesha hivyo kwa galaksi mwaka 1929. Namba zisipolingana, huenda lastiki imechoka au imekandamizwa mezani; inyanyueni kidogo. Warudie wakipima kutoka C, la sivyo watadhani A ndiyo kitovu cha ulimwengu.

Ni rahisi hapa kutangaza kwamba Mlipuko Mkuu (Big Bang), yaani nadharia kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo na umekuwa ukitanuka tangu hapo, umethibitishwa. Bado! Nadharia ya hali thabiti ya wanasayansi Hoyle, Bondi na Gold, ya mwaka 1948, nayo ilikubali ulimwengu unatanuka. Ilidai tu kwamba maada mpya huzaliwa kuziba mapengo. Lastiki ikiwa imevutwa, bana kibanio cha nguo katikati ya kila pengo: msongamano unabaki uleule.

Neno "mlipuko" huwafanya wawaze bomu, basi likanushe mapema. Atakayeuliza kuhusu kitabu cha Mwanzo, au Kintu na Nambi, watu wa kwanza katika masimulizi ya Waganda, asichekwe. Mwambie Georges Lemaître, aliyependekeza ulimwengu ulikuwa na mwanzo, alikuwa padri Mkatoliki.

Kisha uliza: nadharia ipi inadai mwanzo wa joto kali? Mwaka 1965 wanasayansi Penzias na Wilson walitangaza mawimbi hafifu yanayotoka kila upande wa anga, yenye jotoridi la takriban nyuzi 270 chini ya sifuri. Ni masalio ya joto la ulimwengu mchanga, ulioanza kutanuka miaka bilioni 13.8 hivi iliyopita. Hali thabiti haikuyatarajia.

Kwenye mtihani mdogo, anayetetea Mlipuko Mkuu kwa "galaksi zinaachana" pekee mpe nusu ya alama: hoja hiyo inazifaa nadharia zote mbili.