Kunde zimetoboka: ni mbawakavu au ni nondo?

Kunde zikianza kutoboka, wengi wetu huku Teso na Lango, Uganda, tunakimbilia bomba la kupulizia dawa. Ngoja kwanza. Zao hili lina maadui wawili wakubwa, mbawakavu wa majani na nondo, na dawa inayomuua mmoja leo inaweza isimkute mwingine kabisa.

Mbawakavu huja na mvua za kwanza. Kiangazi chote alikuwa ardhini, ameshakomaa. Udongo ukilowa tu anachomoka na kukuta mche wako una majani mawili matatu. Ni mdogo, kama nusu sentimita, anang'aa, na hutafuna kati ya mishipa mpaka jani linakuwa kama chujio. Lakini huyo unayemwona ni nusu tu ya hasara. Jike hutaga kwenye udongo karibu na shina, na mabuu hula mizizi pamoja na vile vinundu vinavyoupatia mmea naitrojeni. Mche ukidumaa na kuwa wa njano, uchimbue na udongo wake, kisha upukute taratibu kiganjani: utawaona, weupe. Dawa ya majani haiwafikii hao. Jembe ndilo linalowafikia. Lima mara tu baada ya kuvuna, jua na kuku wawamalize, na msimu unaofuata panda mahindi au mtama. Usirudishe kunde wala maharage palepale.

Nondo mwenyewe hali jani lako. Huruka usiku, na mimea pori ya jamii ya kunde iliyo vichakani humtunza shamba likiwa tupu. Hutaga kwenye vitumba vya maua, na mharibifu ni kiwavi. Fungua maua yaliyoshikamana kwa nyuzi: ndani yumo, mweupe mwenye madoa meusi, amezungukwa na kinyesi chake. Akishaingia ndani ya ganda umechelewa, kwa hiyo anza kukagua vitumba vinapojitokeza, kila siku tatu au nne. Ikibidi kupuliza, puliza jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani.

Kinachoniuma zaidi ni haya majani ya kunde kuwa ndiyo mboga yetu, tunayoiita eboo. Mtu anapuliza asubuhi, kesho yake mama anachuma akapikie watoto. Tenga matuta ya mboga usiyoyapuliza kamwe. Hapo mbawakavu waokote kwa mkono alfajiri, wakiwa bado wazito kwa baridi, uwatumbukize kwenye maji ya sabuni.