Kereng'ende wembamba wenye mkia wa buluu: namna ya kuwatenga na kuwaandika

Wanakikundi, karatasi nyingi za rekodi zilizorudi zimejaa jina moja, Ischnura senegalensis. Ni kweli huyo yupo karibu kila dimbwi Afrika Mashariki. Lakini Africallagma glaucum naye hutua kwenye nyasi hizo hizo, mwembamba vile vile, mweusi mgongoni, buluu mkiani. Kwa mbali hawatengeki.

1. Shika dume kwa wavu. Mfumbe mabawa juu ya mgongo, umshike hapo kwa vidole viwili bila kumbana kifua.

2. Tumbo, yaani huo mkia mrefu, lina pingili 10. Hesabu kuanzia nyuma, ya mwisho ikiwa ya 10, ni rahisi zaidi. Ischnura ana pingili ya 8 ya buluu kote, ya 9 nyeusi kwa juu. Africallagma ana buluu iliyojaa pingili ya 8 na ya 9.

3. Chukua lenzi, tazama doa dogo karibu na ncha ya bawa la mbele. Kwa dume wa Ischnura lina rangi mbili, nyeusi na nyeupe. Kwa mwenzake ni rangi moja. Mimi hapa ndipo ninapopategemea, kwa kuwa buluu ya mdudu aliyekufa hufifia upesi.

4. Piga picha angali hai: mgongo, ubavu, ncha ya mkia. Kisha mwachie.

5. Andika papo hapo tarehe, mahali, mwinuko, aina ya maji, idadi ya madume na majike. Ukibaki na shaka ni yupi kati ya hao wawili, andika "Coenagrionidae sp.", yaani familia yao wote, spishi haijajulikana. Hiyo ni rekodi halali, jina la kubahatisha linaharibu ramani nzima.

Maswali

Mwalimu, nimepata jike wa rangi ya chungwa. Ni spishi nyingine?
Si lazima. Majike wachanga wa Ischnura senegalensis wengine huwa hivyo, na wapo wengine wanaofanana na dume. Nitumie picha.

Nikimkuta jike ameshikwa na dume nyuma ya kichwa, nimwandike spishi ya dume?
Mara nyingi ni sawa, ila madume hukosea na kushika majike wasio wao. Andika "wameshikana", piga picha ya wote wawili.

Nimezunguka bwawa asubuhi nzima sikuona kitu. Nilete karatasi tupu?
Ilete, dada, ikiwa na saa ulizotafuta na hali ya hewa. Kama kulikuwa na mawingu na upepo, tutarudi hapo siku ya jua.