Somo: Ishara inavyopita kwenye seli ya neva, hatua kwa hatua

Tangu muhula uanze naulizwa swali hili karibu kila jioni, hata nikiwa kwenye feri ya Likoni: "Maalim, sodiamu yaingia au yatoka?" Kuanzia leo atakayeuliza nitamwelekeza hapa. Shikeni penseli.

1. Chora mwili wa seli, na kiini ndani yake.

2. Ongeza dendraiti, vijitawi vifupi vya kupokea ishara.

3. Chora aksoni, mkia mmoja mrefu wa kupeleka ishara. Ile ya kutoka uti wa mgongo hadi mguuni hufika mita 1 hivi. Ivishe mayelini, yaani ala ya mafuta, lakini acha mapengo. Ishara huruka pengo hadi pengo, na kwenye neva za kasi hufika mita 120 kwa sekunde.

4. Neva ikitulia, ndani ni hasi, karibu milivolti -70. Sodiamu imejaa nje, potasiamu ndani; zote mbili ni chembe zenye chaji chanya.

5. Kichocheo kikiifikisha -55 hivi, milango ya sodiamu, yaani vitundu kwenye utando wa seli, hufunguka. Sodiamu huingia kwa kishindo kama abiria lango la feri likifunguliwa, na ndani hupanda hadi +30 au +40.

6. Hapa msikimbie. Kwa miaka miwili nilifundisha kwamba pampu, kijimashine kilicho kwenye utando wa seli, ndiyo inayorudisha volteji chini. Si kweli. Milango ya sodiamu hujifunga. Ya potasiamu, ambayo huchelewa kufunguka, sasa iko wazi, na potasiamu inatoka. Kutoka kwake ndiko kunakoshusha volteji, na yote huisha kwa milisekunde chache. Pampu hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, polepole, mfululizo, kulinda akiba. Binti mmoja wa kidato cha 3 aliniuliza: "Kama pampu ni ya polepole, mbona neva yaweza kupiga mara mia kwa sekunde?" Sikuwa na jibu. Nilisoma usiku ule, na asubuhi nikaufuta mshale wangu wa pampu ubaoni mbele ya darasa zima.
ONYO: usiandike "pampu" kwenye mteremko wa grafu ya volteji.
ONYO la pili: sodiamu haisafiri toka mwanzo wa aksoni hadi mwisho. Huingia pale pale ilipo. Kinachosafiri ni kufunguka kwa milango, mmoja ukiuamsha wa mbele yake.

7. Mwisho wa aksoni, kalsiamu huingia, vifuko vya kemikali vinapasukia kwenye sinapsi, yaani pengo kati ya seli mbili, na kemikali huvuka kuamsha seli ya pili.

MASWALI

Kijana wa Bamburi: Kwa hivyo pampu ndiyo yashusha volteji?
Jibu: Soma hatua ya 6.

Mtahiniwa: Mwalimu wetu amesema ni pampu. Tumwamini nani?
Jibu: Nimeandika wazi kwamba nami nilifundisha hivyo. Mpelekee swali la yule binti, kisha urudi hapa.

Mama Watatu: Neva ndiyo mshipa wa damu?
Jibu: La. Jina "mshipa wa fahamu" ndilo linalochanganya watu. Ndani ya aksoni hamna damu.

Bint Mji wa Kale: Maalim, haya yalijulikanaje, na neva ni nyembamba hivyo?
Jibu: Swali zuri sana, dadangu. Kwa ngisi! Ana aksoni nene, hata kufikia milimita 1, na wanasayansi Waingereza Hodgkin na Huxley waliweza kupenyeza waya ndani yake. Walichapisha matokeo 1952, wakapata Nobel 1963. Ukipasua ngisi mbichi, tazama upande wa ndani wa nyama: utaona neva zimetawanyika kama miale ya nyota.

Mvuvi: Babu alitukataza bunju. Ni mambo haya haya?
Jibu: Ndiyo. Sumu yake huziba milango ya sodiamu, misuli ya kupumua ikalegea. Kupika hakuiondoi, kwa hivyo msikieni babu. Ganzi ya daktari wa meno huziba milango hiyo hiyo, ila kwa muda.

Bint Mji wa Kale: Na sumu ya mishale ya Wagiriama, ile ya msunguti?
Jibu: Hiyo ina kemikali iitwayo ouabaini, na inazuia pampu! Aksoni ya ngisi ikitiwa ouabaini bado hupitisha ishara nyingi sana kabla akiba kupungua. Ichore hiyo pembeni ya hatua ya 6. Ukipata ngisi mbichi Jumamosi, mlete darasani, na wembe mpya.