Namna ya kugawa fedha za sokoni ili mlo uwe bora na uzito usizidi

Anayekwenda Darajani au Mwanakwerekwe, masoko ya Unguja, na fedha kidogo huanza na vinavyoshibisha, yaani mchele, unga wa ngano, sukari na mafuta, na kinachobaki, kama kinabaki, ndicho hununuliwa samaki na mboga. Uamuzi huo una hesabu yake: gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9 na ya sukari 4, ilhali kilo nzima ya mchicha, ambao sehemu yake kubwa ni maji, haifiki kalori 300. Ndiyo maana nyumba moja yenye kipato kidogo huweza kuwa na watu wanene ambao bado wamepungukiwa na damu.

Andika daftarini manunuzi ya wiki moja kwa bei ulizolipa, katika safu tatu: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, na mboga pamoja na matunda. Kisha anza kupunguza sukari, kwa kuwa haileti kitu kingine zaidi ya nguvu. Watu 6 wanaokunywa chai mara 2 kwa siku, kila kikombe kikiwa na vijiko 3 vidogo vya gramu 4, humaliza takriban kilo 1 kwa wiki, ambayo ni karibu kalori 4,000. Kikombe kikibaki na kijiko kimoja, theluthi mbili za kilo hiyo huokolewa. Wazee watanung'unika siku za mwanzo, nao wavumiliwe. Fedha hizo zinunue choroko au kunde, ambazo kilo moja kavu ina zaidi ya gramu 200 za protini. Na ukishazitia tui la kasimile, yaani tui zito la kwanza, hakuna haja ya kuzikaangia kitunguu kwa mafuta.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa kiza, hivyo mbalamwezi ikiwaka huadimika na bei hupanda. Wanunue wakavu mapema uwaweke. Asubuhi, muhogo au shelisheli la kuchemsha lichukue nafasi ya maandazi.

Pima uzito mara moja kwa mwezi, kwa mizani ile ile. Usiposhuka, ulizia bajia na kachori zinazoliwa njiani, kwani hizo haziandikwi daftarini.