Jitengenezee baa ya kupanulia tundu kwenye lethi ndogo, hata kama huna mashine ya milingi

Kukereza nje ya chuma ni rahisi, we mwenyewe utaona, shughuli yote iko ndani. Biti ya drili inakuachia tundu ambalo si duara la kweli wala si saizi uliyotaka, na wakati huo we unataka beringi iingie kwa kusukumwa na kidole gumba na isicheze. Hapo ndo unahitaji baa ya kupanulia tundu, yaani kipande cha chuma cha mviringo chenye kijino kidogo cha kukatia mbele. Za dukani zipo ndio, lakini hii unaweza kuitengeneza kwenye lethi (mashine ya kukereza) ileile utakayoitumia, na mi nasema ya kujitengenezea inakaa vizuri zaidi kwa sababu nitakayoieleza hapa chini.

Ya kwanza niliyotengeneza ilikuwa aibu. Nilichukua chuma cha 10 mm, nikakitoa nje karibu 90 mm, nikakibana na vipande vya bati chini ili kiinuke, alafu nikawasha. Ikalia hiyo mashine kama mbuzi kafungwa. Ndani ya tundu kukatoka mistari mistari kama ubao wa kufulia, na kila nikirudisha kisu bila kuongeza hata kidogo bado kinaendelea kukata, maana yake baa ilikuwa inapinda na kujirudisha. Tatizo ni hesabu tu. Ukiongeza urefu unaotokeza mara mbili, baa inapinda mara nane kwa nguvu ileile, na unene nao unahesabiwa kwa kipeo cha nne, kwahiyo baa ya 16 mm ni ngumu mara tatu na kidogo kuliko ya 12 mm ingawa ukiziangalia hazitofautiani sana. Kwa chuma cha kawaida usizidi kutokeza mara nne ya kipenyo. Baa ya 16 basi isitoke zaidi ya 64 mm hivi, na kama kazi yenyewe ni fupi irudishe ndani zaidi.

Kwahiyo tunatengeneza vitu vitatu, bloku ya kushikilia, baa yenyewe ya 16 mm, na kijino cha haispidi (chuma kigumu cha kutengenezea visu na biti) cha 6 mm. Anza na bloku, usianze na baa. Watu wengi wanakimbilia baa kwanza alafu wanateseka kutafuta senta (usawa wa katikati ya mzunguko), wakati mashine yenyewe inajua senta yake iko wapi, we iache ipime.

Toa tuliposti (kishikio cha kisu) yote, pale juu ya slaidi ndogo inayoibeba pabaki na ile bolti yake tu. Pima na venia (kipimo chenye taya) kutoka uso wa juu wa slaidi hadi usawa wa senta ya spindo, ule mhimili unaozunguka. Kwangu ni 32 mm nikachukua alumini ya kimo cha 50, ili juu ya tundu pabaki nyama ya kutosha, upana 60 na urefu 50. Chuma pia kinafaa, ni kigumu tu kukata na msumeno. Uso wa chini uwe bapa kabisa, usugue kwenye msasa uliowekwa juu ya kioo mpaka alama zote zifanane. Toboa tundu la wima la kupitisha bolti ya tuliposti, kama 20 mm kutoka ukingo mmoja, kisha funga bloku mahali pake, na kabla hujakaza isogeze mpaka uso wake wa mbele ulale kwenye uso wa chaki (kile kibanio kilicho mbele ya spindo) bila kuacha mwanga katikati, ndo ukaze.

Sasa biti ya drili unaiweka kwenye chaki ya spindo, si kule mwisho wa mashine ambako drili hushikwa kwa kawaida. Spindo inazungusha biti, na bloku iliyofungwa kwenye slaidi ndo inayoifuata biti, unaisukuma kwa gurudumu la mkono. Tundu litakalotoka haliwezi kukosa senta hata ukitaka, kwa sababu limetobolewa na spindo yenyewe, na litakuwa sambamba na njia ambayo kisu kitapita. Sogeza slaidi ya kukata (ile inayokuja kwako na kurudi) mpaka biti ielekee kama 38 mm kutoka ule ukingo wa bolti, alafu ifunge kabisa, kaza skrubu yake ya kufungia, na usiiguse tena mpaka umalize. Anza na biti ya senta (ile fupi ya kuanzishia tundu), fuata 6, halafu 10, 14, mwisho 16. Biti kubwa zinavuta, kwahiyo mwendo polepole, mafuta kidogo (kwa alumini hata mafuta ya taa yanatosha), na uitoe mara kwa mara kusafisha makapi. Ukiwa na rima (kifaa cha kulainishia tundu lifike saizi) ya 16 malizia na 15.7 kisha rima. Huna? Usijali, tundu la drili likizidi kidogo kubana kutalimaliza.

Kwenye ule ukingo wa nje, kando ya tundu kubwa, toboa matundu mawili ya wima ya 5 mm yapite juu mpaka chini. Baada ya hapo kata mwanya na msumeno wa chuma kutoka ukingo huo mpaka ufike kwenye tundu la 16. Nusu ya juu panua iwe 6.5, nusu ya chini piga tapu (kifaa cha kukata nyuzi za skrubu) ya M6, yaani ya skrubu ya 6 mm. Skrubu mbili za alenki zikikazwa mwanya unajifunga na baa inashikwa kama imemezwa. Utaratibu uwe huohuo, drili kwanza msumeno baadaye, ukikata mwanya kwanza biti itatumbukia humo na kupinda.

Baa sasa. Chuma laini cha mviringo cha 16 mm kinatosha kabisa, usihangaike na feleji ngumu, maana chuma kikiwa kigumu kutoboa hakimaanishi kinapinda kidogo, kwenye kupinda vyuma vyote vinakaribiana. Kata kama 130 mm, safisha ncha zote mbili kwenye lethi, ondoa kona kali.

Halafu inakuja sehemu ambayo mi naipenda kuliko zote. Tundu la kijino linatakiwa kupita katikati kabisa ya baa, kwa kukingama, na kutoboa katikati ya kitu cha mviringo kwa drili ya mkono ni kujitafutia presha. Legeza bloku, igeuze robo mzunguko, tia baa ndani yake. Baa sasa imekingama mbele ya chaki na iko kwenye urefu wa senta bila kupima chochote, si tundu la bloku lilitobolewa na spindo hiyohiyo! Kwanza itokeze baa sana, sehemu yote iliyotokeza iguse uso wa chaki ndo ukaze bloku, hapo umepata digrii 90. Kisha irudishe baa itokeze kidogo tu, 20 mm hivi, na biti ielekee 12 mm kutoka nchani. Biti ya senta, 5, kisha 6.

Kabla hujalegeza baa, chukua sindano ya kuchorea upige mstari juu ya baa palepale mwanya wa bloku ulipo. Tundu ulilotoboa limelala mlalo sawasawa na mashine, kwahiyo siku zote ukirudisha baa mstari ukikutana na mwanya kijino kimelala sawa, hakuna kukisia kwa jicho. Nilisahau mstari huo kwa baa ya pili nikawa kila siku nahangaika na karula kadogo kupima usawa. Pia chora herufi moja kwenye uso wa bloku unaotazama chaki, usije ukaigeuza nyuma mbele.

Kubana kijino tunatumia skrubu isiyo na kichwa, ya M5, inayoingia kutokea nchani mwa baa. Rudisha baa kwenye chaki, toboa 4.2 mm kutokea nchani mpaka kina cha 22 hivi, yaani ipite tundu la kijino na kuendelea mbele kidogo. Huko mbele ni kwa ajili ya tapu, maana tapu ina ncha iliyochongoka na usipoipa nafasi itagonga ukuta ikatike, na tapu iliyokatikia ndani ya baa ni msiba. Piga tapu kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa, oili ya kutosha, nusu mzunguko mbele robo nyuma. Ukimaliza pitisha biti ya 6 kwa vidole kwenye tundu la kijino kutoa vinywele vya chuma.

Kijino unakipata kwa kununua kijiti cha haispidi cha 6 mm, au kwa biti ya drili iliyovunjika, ila hapa angalia. Shina la drili nyingi ni laini kuliko sehemu ya kukatia, kwahiyo pima na tupa: tupa ikiteleza kama juu ya kioo hicho ni kigumu, ikiuma tafuta kingine. Biti ya senta iliyovunjika ncha inafaa sana. Urefu wa 20 mm, hivyo upande wa nyuma kisitokeze na mbele kitoke 4 mm, na baa hii itaingia tundu la kuanzia 22 mm.

Kunoa ndo kunataka utulivu. Kipande kidogo hivyo ukikishika kwa koleo kitaruka, kwahiyo kile kibaki cha chuma cha 16 kitoboe 6 mm na ukitie skrubu, kiwe mpini. Vaa miwani, glavu hapana kabisa, si kwenye grenda si kwenye lethi. Na usinoe ile alumini ya bloku kwenye jiwe hilohilo, inajaza vitundu vya jiwe na kulifanya lichemke badala ya kukata.

Kwanza uso wa juu. Saga ncha mpaka unene uliobaki, kutoka tumbo la kijino hadi uso uliosaga, uwe 3.1 mm kwa venia. Nusu ya 6 ni 3, hiyo 0.1 ya ziada inaiweka ncha juu ya senta kiduchu. Kwenye kupanua tundu hivyo ndo vizuri, kwa sababu kisu kikisukumwa chini kinaelekea senta, lakini kikianza chini ya senta kisigino chake kinasugua ukuta wa tundu na hakikati tena, kinapiga kelele tu. Halafu uso wa mbele, ukae mshazari digrii 10 mpaka 12, na kule chini kwenye kisigino uzungushe zaidi, maana ukuta wa tundu dogo umejikunja na utakigusa kabla ncha haijafika. Ubavu unaotangulia kuingia digrii 8 unatosha. Ncha yenyewe iguse jiwe la kunolea kwa mkono iwe na duara dogo la kama 0.3 mm, usizidishe, ncha ya duara kubwa ndo inaleta mtetemo kwenye baa nyembamba. Mwisho saga ubapa mdogo mahali skrubu itakapokanyaga, bila huo kijino kitazunguka.

Haispidi ikigeuka bluu kwenye grenda haijaharibika, inavumilia joto la nyuzi 500 na kitu na bado ngumu. Kinachoiua ni kuichemsha hadi iwe nyekundu alafu uitumbukize kwenye maji, inapata nyufa usizoziona na kesho inameguka kazini. Ukiona imekuwa moto pumzika tu.

Kujaribu, funga kipande chenye tundu la drili la 22, ncha ya kijino ikitazama upande wako, uso uliosagwa juu. Weka tepu kidogo kwenye baa kuonyesha kina, ili usije kugonga chaki. Izungushe chaki kwa mkono mara moja nzima kabla ya kuwasha, kuhakikisha hakuna kinachogusana. Kwa chuma laini mzunguko wa 300 kwa dakika hivi, ukianza kulia punguza. Kata 0.2 mm kwa upande, lisha (yaani sukuma baa ndani) polepole bila kusitasita, na ukikaribia saizi pitisha tena mara mbili bila kuongeza kitu ili baa imalize kujirudisha. Kama bado inalia, kwanza fupisha baa, pili punguza mwendo, tatu ongeza kulisha kidogo (watu huogopa hili la tatu lakini kisu kinachosugua hulia kuliko kinachokata). Kidole usikitie ndani kupima ulaini mpaka chaki isimame kabisa, makapi ya ndani yanajikunja kama wembe.

Mi kazi ya kwanza ya baa hii ilikuwa nyumba ya beringi ya 6202, ambayo nje ni 35 mm. Nilifika 34.9 nikaacha kutumia venia, nikawa najaribu na beringi yenyewe baada ya kila pito, pito la nne ikaingia kwa kidole gumba na hewa ikatoka taratibu pembeni.

Sasa tundu lisilotoboka upande wa pili, baa hii haifiki mwisho wake kwa sababu ncha ya baa inagonga kabla ya kijino. Tengeneza baa ya pili kwa njia ileile, ila bloku uigeuze digrii 45 badala ya robo nzima, na kwanza upige tupa ubapa mdogo pale biti itakapoanzia maana kwenye mteremko itateleza. Skrubu ya kubana hapo haiwezi kutokea nchani, itoboe kutoka juu, kwa kuigeuza baa robo ndani ya bloku na bloku kuirudisha kwenye ile 90.